Barua ya Waalikwa Wasio na Kura

Kata ya Mamboya,
Wilaya ya Kilosa.

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUFUNDISHWA ADABU ZA MWALIKWA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni vikundi vya huku Mamboya: wa VICOBA, wa maji, wakulima wa mahindi na maharage, pamoja na wenzetu wa kufa na kuzikana, ambao hakuna waliyemhudumia akarudi kulalamika.

Tumeisoma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Kifungu cha 31 kinawataja wanaounda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Yumo diwani, wamo wenyeviti wa vijiji, na mwishoni tumo sisi: asasi na vikundi vya kiraia vinaweza kualikwa, ila mwalikwa hana haki ya kupiga kura. Tulifarijika sana. Tulidhani tumesahaulika, kumbe tumekumbukwa kwa makusudi ili tunyimwe.

Kinachotusumbua ni adabu. Wajumbe wanaponyoosha mikono, mwalikwa aweke wapi yake? Akikohoa kura zinapohesabiwa, kikohozi kiingie kwenye muhtasari au kifutwe? Na asipoalikwa, akalalamike kwa nani, na kwa haki ipi?

Upande wa kazi hatuna swali, maana huko sheria imenyooka. Inaiwezesha Kamati kuwaita wakazi kwenye mradi na kuwatangazia siku, saa na mahali pa kukusanyika. Hapo hatualikwi, tunaitwa. Hapo kila mmoja wetu ni mjumbe kamili, jembe begani, na anayechimba mtaro haulizwi bomba lilipaswa kupita wapi. Kwa ajili ya usawa, tunapendekeza na jembe letu liwe mwalikwa. Lifike kwenye mradi, lisikilize hotuba, lipige makofi, lisichimbe.

Tunajua tutakachojibiwa: nyinyi hamkuchaguliwa. Ni kweli. Lakini hata mtendaji wa kata hakuchaguliwa na mtu, naye ndiye katibu wa Kamati, mshika kalamu inayoandika tulichosema na tusichosema. Wala hatuamini kwamba Serikali inatuona wahuni. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Basi kikundi kinaaminiwa mamilioni, ila hakiaminiwi kunyoosha mkono.

Mheshimiwa, kungoja tumekuzoea. Enzi za Mwingereza, DC alisema na chifu, chifu akasema na sisi, na sisi tukasema na mbuzi. Uchifu ukafutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa, na kuvunjwa huko kukaitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalifika mikoani kweli, yakapapenda, yakahamia. Sheria ya 1982 ikazirudisha halmashauri, na Ibara ya 146 ya Katiba ikatamka kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tangu hapo tunayangoja njia panda. Labda yalipita na basi la usiku.

Kwa kuwa adabu ni ngumu kujifunza uzeeni, tunaomba mambo matatu mepesi zaidi. Kwanza, vikundi vya kata vichague vyenyewe wajumbe wawili wenye kura, badala ya kusubiri kuteuliwa na anayetualika. Pili, ajenda ibandikwe wiki moja kabla ya kikao, si wiki moja baada ya uamuzi. Tatu, maamuzi ya Kamati yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mtu aruhusiwe kuuliza swali bila kuitwa mpinga maendeleo.

Haya yakishindikana, tutumieni mwongozo wa namna ya kukaa kimya kwa namna shirikishi. Tutachangia gharama za kuuchapisha, kama kawaida.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Waalikwa wa Mamboya

Nakala: Jembe, kwa taarifa tu, bila haki ya kuchimba.