Mwalimu, Leo Mbili?

Uchagani mtu mzima hatembei bure. Anakwenda msibani, sokoni, kanisani, zahanati, au anafuata deni lake. Ukimjibu anayekuuliza kwamba unatembea tu, atakupisha njia, halafu atampigia mwanao simu kuuliza kama mama hajambo kichwani. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Tampere, Ufini, aliponitumia fimbo mbili nyepesi na kuniagiza nitoke nazo kila siku "kutembea tu", nilijua kwamba hapa Marangu kazi ipo.

Fimbo zenyewe hazina kosa. Asili yake ni mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Wanamichezo wa Ufini, theluji ikishayeyuka, walikuwa wakijifua kwa kutembea na kukimbia nchi kavu na fimbo zao za kutelezea. Mwaka 1997 kampuni ya Exel ikaanza kuuza fimbo za kutembelea hasa, na wastaafu wa nchi ile wakazipokea kwa mikono miwili. Urefu wake una kanuni: chukua kimo chako, zidisha kwa 0.68. Mimi nina sentimita 160, jibu ni karibu 109, na fimbo zangu ni za 110. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote, hivyo hesabu hiyo niliipenda kabla sijazipenda fimbo.

Kuzitumia ni somo jingine. Kiganja kinafungwa kwenye mkanda ulio mithili ya glavu isiyo na vidole. Ncha ya fimbo inachomwa nyuma kidogo, fimbo ikiwa imelala, kisha unajisukuma. Mkono ukipita nyonga unaachia vidole, kwa kuwa mkanda ndio unaoishika fimbo. Mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto, jambo ambalo mwili hulifanya wenyewe tangu utotoni, ila ukianza tu kulifikiria, mkono na mguu wa upande mmoja hutoka pamoja. Jirani mmoja aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) alikuwa anakata majani ya ng'ombe nilipopita katika hali hiyo. Alitupa mundu na kuanza kunihesabia, "Kushoto! Kulia! Kushoto!" kwa sauti iliyowatoa watu majikoni. Dawa yake, wanavyofundisha wakufunzi, ni kuziachia fimbo ziburuzike nyuma huku mikono ikining'inia, mpaka mwili ukumbuke wenyewe. Niliziburuza. Mbwa wote wa njia ile wakaona nimewatangazia vita.

Kingine ni kwamba Marangu kila mtu ni mtaalamu wa fimbo. Wageni wanaopanda mlima wanapita hapa nazo, na vijana waongoza watalii wameziona tangu wakiwa wapagazi. "Bibi, tanguliza mbele! Mbele!" walinifokea kwa heshima, maana fimbo za mlimani huchomwa mbele ili kupunguzia magoti mzigo wakati wa kushuka. Niliwaeleza kwamba hizi ni za kujisukumia. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakaniuliza napanda lini. Nikasema naishia dukani kwa Mangi kununua chumvi. Mmoja wao akataka kujua kama nitahitaji mpagazi.

Wanafunzi wangu wa zamani ndio walioshtuka zaidi. Mmoja, sasa mwenye bodaboda na mvi zake, alinikuta kwenye kona. Alizima pikipiki, akashuka, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akazitazama fimbo. "Mwalimu, leo mbili?"

Nilimwambia hizi ni za afya. Akasema, "Hata ile ya zamani tuliambiwa ni kwa faida yetu."

Vioja hivyo vilikuwa vya kupita. Kilichofika kwenye kikao ni suala la mpaka. Ncha za chuma huacha vitundu ardhini, kimoja kila hatua, kwa mstari ulionyooka. Jioni moja nilipita kando ya mimea ya masale inayotenganisha shamba letu la kihamba na la jirani. Asubuhi jirani akaviona vile vitundu, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki kwamba mwalimu ameleta wapima ardhi usiku. Mwenyekiti akaja na wazee na utepe wa kupimia. Ikabidi nitembee mbele ya baraza lote, kwenda na kurudi, mpaka vitundu vipya vikafanana na vya jana. Jirani alikubali yaishe, ila aliniomba afya yangu niihamishie ng'ambo ya barabara.

Hata hivyo, mshindani mkubwa wa fimbo hizi ni salamu. Binti yangu anasema kule Tampere, kwenye msitu wa Pyynikki, watembeaji wanapishana tu, basi. Hapa kumpita mtu bila kumpa mkono ni dharau, na mikono yangu yote miwili imefungwa. Nikaona nifanye tunavyofanya tukiwa na mikono michafu, nitoe kifundo cha mkono. Mzee wa kanisa alikipokea vizuri. Fimbo nayo ikaufuata mkono na kumvua kofia.

Watafiti wa Cooper Institute ya Dallas, Marekani, walichapisha mwaka 2002 kwamba anayetembea na fimbo hizi hutumia oksijeni zaidi kwa wastani wa asilimia 20, na wala hajioni amechoka zaidi ya anayetembea mikono mitupu kwa mwendo uleule. Naamini. Ila hawakumpima mtu anayesimamishwa kila kona kuulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za migomba. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sisi tuliovuka miaka 65 tuongeze mazoezi ya kutuimarishia mizani ya mwili, siku tatu au zaidi. Dakika hizo nazipata. Saa za salamu nazihesabu kwenye mazoezi ya taya.

Na masika yakifika, kejeli zote zinakwisha. Udongo wetu mwekundu ukilowa, mteremko wa kwenda mferejini huwaangusha vijana, lakini mimi nashuka nao taratibu, nikiwa na sehemu nne za kukanyagia. Yule jirani wa mpakani ameshakuja kuziazima.

Mzee mwenzangu, ukizipata fimbo hizi, zipime kwa kimo chako. Zivishe viatu vyake vya mpira kwenye lami na uzivue kwenye tope, la sivyo tope litavimeza. Kama una kizunguzungu au moyo unakusumbua, muone daktari kwanza. Usipozipata, tembea hivyohivyo. Na ukiulizwa unakwenda wapi, usiseme unatembea tu. Sema unawakimbia madaktari. Sababu hiyo kila mtu anaielewa, tena hatakuchelewesha.