Mafundi wa Kundini

Kila baridi ikishuka nyuzi 20 chini ya sifuri kule Minnesota, tanuri la gesi la mtu fulani hugoma kuwaka, na papo hapo kundi la WhatsApp la Waswahili hujaa mafundi. Mmoja anashauri libadilishwe lote. Mwingine, ambaye joto lake hulipiwa na mwenye nyumba, anaapa kwamba ni bodi ya umeme. Wa tatu katuma dua. Huyo angalau hajadanganya mtu.

Mashine yenyewe, maskini, imeshasema. Nyuma ya kifuniko chake kuna kitaa kinachokonyeza, na maelezo yamebandikwa pale pale: makonyezo mangapi, ugonjwa gani. Lakini kusoma ni kazi ya nani? Feni ya kutoa moshi inazunguka, kiwashio kinaiva chekundu, moto unashika, sekunde chache baadaye unazima. Hapo mara nyingi mkosaji ni kihisi cha moto, kijiti chembamba kilichoshika utando. Kisipouhisi mwali, vali hufunga gesi. Husuguliwa taratibu, umeme na gesi vikiwa vimezimwa. Washukiwa wengine wapo: chujio la hewa, lile la tangu mlipohamia, limeota manyoya kama paka. Na bomba la moshi huko nje limezibwa na theluji ambayo bwana mkubwa aliahidi kuiondoa.

"Shemeji, na ikinuka gesi?"

Usiguse swichi, wala usiandike kundini. Toka na watoto, upige simu ya dharura ukiwa nje. Kundi litakusubiri.