Kwa Heshima ya Ndugu Waombaji

Mjukuu wa Kinyamwezi aliyezaliwa Tanga, Morogoro au Unguja, siku atakaposhuka stesheni ya Tabora kwenda kuwaona ndugu wa babu yake, ataombwa. Asubuhi hela ya sukari, mchana dawa ya mguu wa baba mdogo, jioni mkanda wa suruali. Shangazi atamzunguka taratibu, atavitazama viatu mpaka soli, kisha atauliza kwa upole: “Na hivi, mwanangu, unarudi navyo?” Wengi huona adha hii inazidi hata uchovu wa garimoshi. Kwangu mimi, ndiyo huduma kubwa kuliko zote zitolewazo Unyamwezi, tena bila senti ya ruzuku, na inanishangaza kwamba waombaji hawa hawajapewa hata nishani moja.

Tuanze na nani anaombwa. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka pwani kwa maelfu, wakiteremsha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kupandisha vitambaa na shanga. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na safari ilikula miezi. Baadhi yao hawakurudi. Walilowea pwani, wakaoa, wakazika huko. Baadaye wakafuata manamba wa mashamba ya mkonge, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kuondoka kukawa kwepesi zaidi. Sasa tafuta majina yao. Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe walimokaa wasafiri Wazungu Livingstone na Stanley mwaka 1872 limejengwa upya na kufanywa makumbusho. Waliobeba mizigo yao hawana tembe. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, tunawajua, ndiyo, lakini tunawajua kwa kuwa waliongoza msafara uliobeba maiti ya Mzungu huyo, uliopita hapo hapo mwaka 1873. Mpagazi wa kawaida yumo vitabuni kama idadi tu. Basi ni nani anayejua bado kwamba fulani aliondoka kijiji hiki, alimwachia nani shamba, na alimkosea nani kabla ya kuondoka? Ni yule mwenye sababu ya kumdai mjukuu wake. Ombi la hela ya sukari haliji mikono mitupu: hutanguliwa na ukoo. “Babu yako na babu yetu walinyonya ziwa moja. Alipokwenda kwenye mkonge aliacha mbuzi wa watu hajamlipa.” Kwa dakika tano na noti moja mgeni amepata alichokikosa katika kila ofisi ya kumbukumbu. Na angalia jambo hili: ndugu asiyeomba kitu mara nyingi hata jina la babu yako linampotea.

Watasema shangazi anaomba kwa shida, wala si kwa mapenzi ya historia. Sawa, na nani alisema historia huhifadhiwa kwa mapenzi? Wapagazi wenyewe walilielewa hilo. Walipopita Ugogo, kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa kabla msafara haujasonga mbele; wasafiri Burton na Stanley wamelalamikia hongo hiyo kurasa kwa kurasa. Lakini aliyelipa alipata njia, alipata maji katika nchi kavu, na mwaka wa pili alijulikana. Waliotozwa wakati ule ni babu zetu, na leo wajukuu wa waliobaki wanawatoza wajukuu wa walioondoka. Mimi sioni dhuluma hapo, naona urithi. Hotelini mjini hakuna anayekuomba kitu. Wanakuletea bili, ukishalipa wamekusahau.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuombwa kunafukuza watu. Hili ni kweli, nami siwezi kulipuuza: wapo wanaosema “mwakani” kwa miaka ishirini, na wapo wasio na kitu kabisa, wanaoona haya kwenda mikono mitupu kwa watu wanaodhani pwani fedha huokotwa ufukweni. Hao wa pili nawaonea huruma. Hao wa kwanza hawajaokoa chochote, maana ombi siku hizi linasafiri kwa simu, na linakuja na nyongeza: “tuma na ya kutolea.” Mahesabu yao pia hayajakamilika. Hawamtaji kuku aliyefungwa miguu na kupakiwa kwenye behewa, wala dumu la asali ya miombo lililozibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, wala mfuko wa karanga na viazi vitamu vikavu, michembe na matobolwa, ambao shangazi yule yule aliyeomba viatu anamtwika mgeni huku akikataa katakata kusikia habari ya bei. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa uzito wa mizigo, sidhani kama ni mwenyeji peke yake anayepona. Tena aliyewahi kuombwa huarifiwa msiba, huitwa kikao cha ukoo, na akifa ugenini kuna watu watakaobishana kwa sauti juu ya wapi azikwe.

Basi kama unapanga kwenda Desemba hii, maembe yakiwa yameiva, chenji noti ndogondogo Dar es Salaam kabla ya kupanda, acha nafasi ya dumu kwenye begi, na vaa viatu ambavyo uko tayari kuviacha.