Hotuba Elekezi Kuhusu Malezi ya Mtoto wa Mbwa Makao Makuu ya Nchi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Mtendaji, mabalozi wa nyumba kumi, watumishi mliohamia kutoka Dar es Salaam, na ninyi wenyeji mliotupokea pamoja na kelele zetu: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi! Mmeitikia kwa unyonge, na sababu naijua. Wengi wenu hamkulala. Mna mtoto wa mbwa nyumbani.

Nimeombwa nizungumze kwa dakika ishirini. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, baada ya kubaini kwamba hakuna mwingine mwenye sifa stahiki. Sifa zangu ni hizi. Nimepita Morogoro mara nyingi, kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinachofundisha madaktari wa mifugo, na basi lilisimama muda wa kutosha. Aidha, naifahamu njiapanda ya Mbande, ambayo ukiishika inakufikisha Mpwapwa, kwenye kituo cha utafiti kilichotupatia ng'ombe wanaoitwa kwa jina la mji huo. Sijawahi kuishika, lakini naifahamu. Zaidi ya hayo nina mbwa. Anaitwa Kamanda, ana miezi mitatu, anaenea kwenye ndoo ya lita kumi, na muda huu yuko chini ya meza kuu akisubiri kutambulishwa.

Kidogo kuhusu historia. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Jambo hilo tukalitafakari kwa utulivu miaka arobaini na tatu, mpaka Rais Magufuli alipotamka mwaka 2016 kwamba sasa tunahama, na tukahama. Viwanja vikapimwa Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu. Kiwanja kikazaa uzio, uzio ukazaa geti, na geti likadai maandishi. Fundi akaja na kopo la rangi nyekundu, akaandika KUNA MBWA MKALI, herufi za mwisho zikabanana kwa kukosa nafasi, na chini yake akachora mnyama mwenye meno anayefanana sana na ndama. Ndugu zangu, katika nyumba nyingi za jiji hili maandishi yalitangulia, mbwa akafuata, na ukali bado uko kwenye mchakato.

Tuanze na manunuzi, maana miradi mingi hufia hapo. Muuzaji huja na boksi. Ndani yake kuna vitoto vinne vinatetemeka, naye anaapa kwamba mama yao yuko Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi. Nimefanya upembuzi yakinifu: kwa maelezo ya wauza maboksi, kikosi hicho hakina nafasi ya kukamata wezi, kazi yake ni kuzaa tu. Msibishane naye juu ya ukoo. Mwulizeni umri. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na hapaswi kuachishwa mama yake kabla ya wiki nane, kwa kuwa ni katika wiki hizo, akigaragazana na ndugu zake, ndipo anapojifunza kwamba kung'ata kunaumiza. Anayeletwa na wiki tano amekatishwa masomo, na mtihani ataufanyia kwenye vidole vya wanao.

Usiku wa kwanza atalia. Wa pili pia. Mwezi wa saba hapa kwetu, upepo unapopita chini ya mlango na baridi yake, kilio hicho kina hoja. Ofisini tumezoea kwamba mlalamikaji akipuuzwa hunyamaza. Mtoto wa mbwa hajawahi kuajiriwa serikalini. Mwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, na tambara lenye harufu ya mama yake, ambalo ulipaswa kulidai kwa muuzaji kabla hujatoa hela. Boksi lake likae karibu na kitanda chako siku za mwanzo. Wapo watakaosema unamdekeza. Hao wa kwao walimfungia stoo, na mtaa mzima tunajua, kwa sababu tuliamka nao saa nane za usiku. Kamanda yeye hulala kitandani kwangu, upande wa ukutani. Huo unaitwa ulinzi wa karibu. Mke wangu amehamishiwa chumba cha watoto kwa kuzingatia taratibu zote za uhamisho.

Nakuja kwenye Mpango Mkakati wa Haja. Kibofu cha mtoto wa mbwa hustahimili takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake: mwenye miezi mitatu, saa tatu, na hapo kajitahidi. Kwa hiyo anatolewa nje akiamka tu, akimaliza kula tu, akimaliza kucheza tu, na kabla ya kulala. Sehemu ileile siku zote. Akijisaidia asifiwe palepale. Ukisubiri mpaka mrudi ndani, atadhani anasifiwa kwa kupita mlangoni. Mimi niliandaa jedwali lenye safu ya muda, safu ya mhusika na safu ya maoni, likabandikwa jikoni, na utekelezaji unaendelea vizuri. Kamanda hutoka kwa wakati. Hukaa chini ya mwarobaini, hunusa upepo wa pande zote nne, huwakagua kuku wa jirani, kisha hurudi ndani na kumaliza shida zake juu ya zulia la mlangoni lililoandikwa KARIBU. Wenye husuda husema mpango umekwama. Mtaalamu husema hivi: mnyama ameshachagua sehemu moja na haibadilishi, kilichobaki ni kuihamisha sehemu. Na makao makuu yenyewe yalichukua miaka mingapi?

Msimsugue pua kwenye mkojo. Hajui anaadhibiwa kwa lipi, atajifunza tu kwenda kujificha nyuma ya kochi, na nyuma ya kochi hamtafika na tambara. Zulia lifuliwe kwa sabuni, kisha lipitishiwe siki ili harufu isimwite tena. Siku ya mgao wa maji, siki peke yake, na subira.

Meno nitayapitia haraka kwa sababu yanauma. Ya utotoni ni 28. Akikaribia miezi minne huanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani, fizi zinamwasha, na dawa yake ni chochote kilicho karibu: waya wa chaja, mguu wa kochi la mkopo, ndala ya kushoto. Kwa nini ya kushoto, sayansi haijajibu. Lowesha kitambaa kizito, kifunge fundo, kigandishe kwenye friza, umpe. Ukimpokonya kilicho chako, mkabidhi kilicho chake papo hapo.

Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa akizoeshwa ishara fulani kabla ya kulishwa, mwishowe ishara peke yake humtoa mate. Kazi nzuri kwa wakati wake. Mimi nimeiboresha. Alfajiri Kamanda hukwaruza mlango wa chumba, nami huinuka, huvaa shati, huenda jikoni na kufunua sufuria. Tulianza na uitikio wa kusuasua. Sasa tumefikia asilimia mia. Jana alikwaruza mara moja tu, nikajikuta nimeshika mwiko ilhali bado nasinzia. Pavlov hakufika hapo na mbwa wake.

Wahenga nao walisema ukizoeana na mbwa utaingia naye msikitini. Kwangu mimi huo ni ushauri wa mipango miji. Jirani yangu ni Mwislamu, mtu mwema, na mate ya mbwa kwake ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mkeka wake wa kuswalia ukianikwa karibu na uzio, Kamanda ana maoni juu ya pindo zake. Zibeni matundu ya uzio kabla ya kuleta mbwa, msisubiri kikao cha usuluhishi kwa Mwenyekiti, ambaye naona anatikisa kichwa kwa kumbukumbu.

Sasa chakula, na hapa naomba simu ziwekwe chini. Mwenyezi Mungu aliipa Kanda ya Kati mazao mawili ya kutambia mbele ya Taifa: Dodoma zabibu, Singida vitunguu. Yote mawili ni sumu kwa mbwa. Nimelitafakari hilo nikiwa nimesimama katikati ya mizabibu kule Hombolo, na sikupata maelezo mengine ila kwamba mbwa kama mdau hakushirikishwa. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake, na ubaya wake hazina kipimo: huyu atakula kichana kizima asidhurike, yule punje chache zinammaliza. Atatapika, atakataa chakula, atalegea, na baada ya siku mbili tatu mkojo utapungua hadi kukauka. Msingoje kuona dalili. Ukishuhudia amemeza, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwa kuwa akitapishwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Na sisi hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka! Mtoto anakula barazani anadondosha. Mgeni kanunua kilo tatu za kupeleka Dar, kaweka mfuko sakafuni, kaenda kuoga. Hayo ndiyo mazingira ya kazi.

Kitunguu ni mwovu wa kimyakimya. Huvunja chembe nyekundu za damu, taratibu, siku kadhaa, mpaka ukimfunua mdomo unakuta fizi zimepauka. Kukipika hakukiondolei sumu. Nami simjui Mtanzania anayepika bila kitunguu: mchuzi una kitunguu, pilau imekolea kitunguu, kachumbari ndiyo kitunguu chenyewe kikiwa hakina aibu. Kwa hiyo makombo, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo bajeti nzima ya mbwa, hayafai kumwagwa tu kwenye sahani yake. Mtengee chakula kabla hujakaanga: ugali wa mtama au wa dona, dagaa waliochemshwa, utumbo uliooshwa ukaiva, mara tatu au nne kwa siku mpaka avuke miezi minne. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana, huvunjika ikawa na ncha. Mlenda nimeulizwa sana. Kamanda anaula, na masikio yake pia.

Naona mzee pale nyuma anaguna kwamba Wagogo walilea mbwa tangu enzi bila semina. Ni kweli, mzee wangu. Kijibwa kilifuata ng'ombe malishoni, kikaona wakubwa wanavyomkabili fisi karibu na zizi, kikaiga. Kilikuwa na walimu wengi. Huyu wa Ilazo ana mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ni runinga.

Chanjo. Hapa sauti yangu itabadilika kidogo. Parvo humharisha mtoto wa mbwa damu na kumuua ndani ya siku chache, na kirusi chake hudumu ardhini miezi mingi. Ndiyo maana ambaye hajamaliza chanjo hatembezwi jalalani wala kwa mbwa wa watu. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Distempa je? Mwaka 1994 iliingia Serengeti ikaondoka na takriban theluthi moja ya simba, na walipofuatilia ilikotoka, watafiti waliishia kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Simba, mnyama wa kwenye noti na jezi, aangushwe na ugonjwa wa kijibwa kisichojua hata kubweka!

Kichaa cha mbwa nacho kina chanjo yake, kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885, na siku aliyofariki, tarehe 28 Septemba, dunia huiadhimisha kuwa siku ya ugonjwa huo. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipitie kwa mganga, usipake mafuta ya taa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hapo hata mimi huvua miwani.

Nina nafasi ya maswali mawili. Ndiyo, mzee wa kofia. Anauliza mbwa ataanza lini kumbwekea mwizi. Mzee, wengi huanza kuonyesha dalili za ulinzi baada ya miezi sita, na wengine husubiri mpaka mwaka. Kwa sasa mwizi akiingia kwangu, Kamanda atampeleka moja kwa moja kabatini, kwa kuwa ndiko dagaa wanakokaa. Lakini maandishi ya getini yabaki. Yamenisaidia sana kwa wanaonidai.

La pili, mama mwenye kitenge cha njano. Anataka kujua kama Kamanda hukaa akiambiwa "kaa". Nakushukuru sana, mama. Swali hilo liko nje ya hadidu za rejea.

Vyeti vya ushiriki mtachukua kwa katibu, shilingi elfu tano, vikishagongwa muhuri. Muhuri uko wapi? Ulikuwa hapa mezani. Jamani, huyo anayetoka mlangoni na kitu cha bluu mdomoni asikimbizwe! Narudia, asikimbizwe! Ukimkimbiza umemwanzishia mchezo, na yeye ana miguu minne. Chuchumaeni wote, msimkazie macho, mwiteni kwa sauti ya furaha. Kamanda! Kamanda, baba, njoo! Mheshimiwa Mwenyekiti, na wewe chuchumaa, unamtisha.