Mfumo Hana Ndugu

Katika ofisi za serikali kuna mtumishi mmoja asiyelipwa mshahara, asiyekwenda likizo, asiyehudhuria kikao, na bado ndiye anayelaumiwa kwa kila jambo. Anaitwa Mfumo. Malipo yakichelewa, ni Mfumo. Barua ikipotea, ni Mfumo. Mtu akisahau kumpigia mteja simu, ni Mfumo aliyemsahaulisha. Zamani mzigo huu aliubeba Faili. Mwananchi alifika dirishani, akaambiwa faili halionekani, akarudi zake Mwandiga akiamini kwamba ipo siku litaonekana. Faili akastaafu bila kuagwa, na Mfumo akarithi meza, kiti na lawama zote.

Taabu ya Mfumo ni kwamba hana ndugu wa kumtetea. Aliye naye ni mmoja tu, na ni mimi, afisa TEHAMA na mratibu wa mifumo katika ofisi moja ya umma hapa Kigoma, mwisho wa reli. Mfumo akikosea, naitwa mimi, kama mzazi wa mtoto mtukutu anavyoitwa shuleni. Mfumo akifanya vizuri, hakuna anayeniita.

Na watoto wenyewe ni wengi. Yupo GePG, anayepokea malipo ya serikali tangu mwaka 2017 na kutoa zile kontrol namba. Yupo MUSE, anayelipa. Yupo NeST wa manunuzi, aliyempokea TANePS mwaka 2023. Ipo ofisi mtandao, inayobeba madokezo na barua. Wote wanaishi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ndiyo inayowasimamia. Wakubwa wanasisitiza kila siku kwamba mifumo isomane. Mifumo inajitahidi. Wasiosomana ni mhasibu na afisa ugavi wetu, wanaokaa chumba kimoja na hawajasemeshana tangu ule ugomvi wa feni. Mmoja akitaka kitu kwa mwenzake, ananipigia mimi. Huo nao ni uratibu.

Mtaani cheo changu hakijulikani. Mimi ni "yule wa kompyuta", maana yake fundi wa kila chenye waya. Msibani Ujiji mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu, akanipa mkono wa pole, kisha akanisogezea redio. "Marahaba, mwanangu. Mungu amekuleta. Hii inakwaruza tangu juzi." Nilimweleza kwamba mimi nashughulika na mifumo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniuliza kama serikali haina mpango wa kunipeleka nikasome redio.

Lakini niwarudishe ofisini. Kwa kipindi kirefu mtandao wetu ulikuwa ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa nne na nusu. Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi, ila Jumamosi na Jumapili ulikuwa mzima wa afya. Kikao kikaitishwa. Mmoja alisema lazima greda la barabara limekata mkongo wa mawasiliano mahali fulani. Wa pili, mzaliwa wa Kasingirima, alisema upepo wa ziwa hugeuka saa hizo. Wa tatu alikaa kimya, jambo ambalo lingepaswa kutushtua mapema, kwa sababu ndiye mwenye birika. Chumba cha rauta kina soketi moja tu inayofanya kazi, na saa nne ndiyo saa ya chai. Rauta ilichomolewa, birika likachomekwa, mihogo ya kuchemsha ikaliwa, na watumishi wakanywa chai huku wakilalamika kwamba intaneti ya siku hizi haiaminiki.

Dawa ilikuwa ekstensheni moja. Serikalini, hata hivyo, hununui ekstensheni kwa kutoa pesa mfukoni. Unaandika dokezo. Dokezo linapita ofisi mtandao. Ofisi mtandao inataka intaneti. Intaneti inatoka kwenye rauta. Nikaandika dokezo zuri, lenye aya tatu na mapendekezo, nikalituma kwa mkubwa saa nne kamili.

Baada ya birika huja nywila. Mwongozo wa usalama unataka nywila ndefu, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama, tena isiandikwe popote. Wazee wetu wanalitii sana hilo la mwisho: hawaiandiki, wanaitamka. Yupo mkuu mmoja wa kitengo, mtu mwenye heshima zake na aliyekaribia kustaafu, ambaye vidole vyake havijui kuandika bila mdomo kusaidia. Kila asubuhi korido nzima ilimsikia akipanga herufi za neno Migebuka, moja baada ya nyingine, akianza na M kubwa. Benchi la wananchi liko nje ya mlango wake. Siku moja akaunti ikamkatalia mara mbili. Bibi mmoja aliyekuwa akifuatilia mirathi akamwambia kwa upole kutoka kwenye benchi, "Baba, jana ulimalizia na ile alama ya mshangao." Ikafunguka. Nilimbadilishia nywila siku hiyohiyo. Bibi aliporudi wiki iliyofuata aliniuliza kama ile ya samaki bado tunaitumia.

PEPMIS ndiyo iliyoniongezea marafiki. Huu ni mfumo wa kupima utendaji kazi wa watumishi, uliochukua nafasi ya OPRAS, ile fomu ya karatasi iliyoanza mwaka 2004 na ambayo wengi tuliikumbuka pale tu tulipotamani kupanda daraja. Mfumo huu mpya unataka mtumishi aandike majukumu yake, ayagawe katika kazi ndogondogo, kisha msimamizi wake aridhie. Muda wa kujaza ulipokaribia kwisha, mlango wangu ulipata foleni kama ya ugawaji wa mbolea. Mzee mmoja wa makamo aliketi mbele yangu, akasukuma kitambulisho mezani.

"Kijana, nijazie."

"Sawa, mzee. Majukumu yako ni yapi?"

Akanitazama kwa mshangao usio na hila hata kidogo. "Wewe si ndiye mtu wa mifumo? Angalia humo ndani, lazima wameandika."

Huko ndani hapakuwa na kitu. Tulikaa wote wawili tukitafakari, mimi nikitazama skrini na yeye akitazama dari, tukijaribu kukumbuka amekuwa akifanya nini.

Nje ya ofisi, Mfumo anakutana na ziwa, na hapo ndipo kazi inapokolea. Kibirizi, ambako boti huondokea kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini, mwenye mtumbwi mmoja alipewa kontrol namba ya kulipia leseni. Kontrol namba ina tarakimu 12. Simu yake ilikuwa imezimika, kwa hiyo akaiandika kiganjani kwa kalamu ya mhasibu. Kufika kwa wakala wa kulipia si mbali, ila njiani alikuta mtumbwi wa shemeji yake unavutwa nchi kavu, na shemeji ni shemeji, akashika kamba. Alirudi kwangu na tarakimu tano na magamba ya dagaa.

"Zilizobaki mfumo unazijua," alisema.

Nikamwambia mfumo unazijua namba za watu wengi sana, na siwezi kukisia ipi ni yake.

"Basi tafuta inayoanza na tisa tisa."

Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Kwenye orodha ya siku ile hapakuwa na iliyoanza vingine.

Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipumzishwa. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, nchi nne zinazolizunguka Tanganyika, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Kwetu ilikuwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mialo ya Katonga na Kibirizi ikapoa, na mashine za kukusanyia ushuru zikanyamaza. Katika kundi la WhatsApp la wataalamu wa mifumo mwenzetu wa mkoa usio na ziwa akauliza kwa nini mstari wa ushuru wa samaki unasoma sifuri. Nikajibu kwa kifupi, "Ziwa limefungwa." Zikapita dakika chache. Kisha akaandika, "Nani ana nywila ya kulifungua?" Nikasubiri alama ya kicheko. Haikuja. Nikamwandikia kwamba litajifungua lenyewe Agosti 15. Akashukuru, akasema angependa na mifumo ya kwao ifanye hivyo.

Halafu kuna suala la saa. Kagunga iko mpakani na Burundi, na kwa miaka mingi usafiri wake umekuwa boti. Mtendaji wa huko akisimama chini ufukweni, simu yake ni ya Tanzania ila haishiki mtandao. Akipanda kilimani kutafuta mtandao, simu inapokelewa na Burundi, anakaribishwa kwa Kifaransa, na saa inarudi nyuma kwa saa nzima, kwa sababu Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ile namba ya siri ya kuthibitishia akaunti, inayotumwa kwa ujumbe mfupi na kuisha muda wake haraka, inafika kilimani yeye ameshashuka. Ripoti yake ikichelewa kwa saa moja ana utetezi usiopingika: hakuchelewa, alikuwa Burundi. Na tangazo likisema mfumo utafungwa saa 6:00, bila kutaja mchana wala usiku, wapo wanaokimbilia adhuhuri, wapo wanaokesha, na yupo yeye anayefuata saa za Bujumbura.

Wanaodhani visingizio vililetwa na kompyuta nawaomba wapite Ujiji, penye makumbusho ya Livingstone. Oktoba 1871 David Livingstone aliingia Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na hoi, tumaini lake lote likiwa kwenye bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta stoo tupu. Sherif, aliyekabidhiwa ule mzigo, alikuwa ameshauuza wote. Maelezo yake yalikuwa kwamba alipiga ramli, na ramli ikamwonyesha kuwa mzee amekwisha kufa. Marehemu mwenyewe alikuwapo akiyasikiliza. Leo tungesema mfumo ulionyesha. Mstaafu yeyote aliyewahi kusafiri kwenda kuthibitisha kwamba yu hai ataielewa habari hii kuliko wanahistoria. Muda mfupi baadaye akafika Stanley, aliyekuwa akimtafuta, akiwa na mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa Novemba 1870. Mwaka mzima ujumbe ulikuwa njiani, na hakuna aliyepigiwa simu usiku kuulizwa una nini.

Na anayetaka somo la kutunza nakala aiulize MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa makashani kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita vikawaelemea Wajerumani, wakaamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane chini ya maji, na injini zikaamka. Mhasibu wetu, kwa upande wake, alikuwa na jedwali la mwaka mzima kwenye flashi moja, flashi ambayo aliwaazima watu wa kunakili filamu. Iliporudi ilikuwa na filamu kumi na jedwali hakuna. Flashi ile ilizama bila grisi.

Nilipoulizwa kikaoni nani alaumiwe kwa jedwali hilo, mhasibu aliniwahi kujibu: mfumo ulifuta. Hapo ndipo nilipouelewa uadui wote huu. Mfumo hapendwi kwa sababu anakumbuka. Faili alikuwa rafiki wa kweli, kwani angeweza kupotea akihitajika na kuonekana akitakiwa. Mfumo anaandika nani aliingia, saa ngapi, alifungua nini na alitoka lini, na kesho ukimuuliza anasema yaleyale. Shahidi wa namna hiyo ni lazima aitwe mwongo mapema, kabla hajafungua mdomo. Kumbukumbu za siku ile zilionyesha kwamba jedwali halikuwahi kuingizwa kwenye mfumo wowote. Nilizichapa, nikazipeleka kikaoni. Kikao kikaazimia kwamba printa nayo ichunguzwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kumbuka mambo mawili ukija kwetu. Kontrol namba iandike kwenye karatasi, usiiandike kiganjani. Na ukiambiwa dirishani kwamba mtandao hakuna, usigombane na mtu, wala usimtukane Mfumo, hana wa kumtetea. Uliza kwa adabu umekatika tangu saa ngapi. Wakikujibu tangu saa nne, kaa kwenye benchi uwasubiri wamalize chai.