Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kipande cha Mwisho

Mheshimiwa Mkuu wa Kipande cha Mwisho
(nafasi haijajazwa),
S.L.P. haijatolewa,
Dar es Salaam.

YAH: KILOMITA MOJA ILIYOBAKI KATI YA STESHENI NA HOTELI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, awali ya yote nakupongeza kwa uteuzi ambao bado haujafanyika. Nimeona nikuandikie mapema, kabla hujapata katibu muhtasi wa kuniambia uko kikaoni, na kabla ofisi yako haijapata jalada la kupotezea barua yangu. Nafasi yako haimo kwenye muundo wa wizara yoyote, lakini kazi yako ipo na inakusubiri: kumfikisha abiria kitandani. Wenzako wote wamemfikisha getini.

Nianze na sifa, maana barua ya malalamiko isiyo na sifa ndani yake hapa kwetu huitwa uchochezi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti ikazinduliwa rasmi. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Abiria anapanda Dodoma akiwa na shati lililonyooka na anashuka Dar es Salaam likiwa bado limenyooka. Hajasimama kwenye mizani, hajala vumbi, hajahubiriwa na muuza dawa ya minyoo. Stesheni anayoshukia imechorwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite. Hapo hatuna neno. Wenye kazi yao wamefanya kazi.

Kisha abiria huyo anatoka nje akiwa na begi lake, na hapo ndipo anapoingia kwenye himaya yako.

Umbali wenyewe ni wa kuchekesha. Stesheni ipo katikati ya mji, jambo ambalo majiji mengi duniani yangeombea dua. Hoteli za Mtaa wa Libya, za Kisutu, za Samora na za Azikiwe ziko jirani, na za Kariakoo ziko upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Kutoka stesheni hadi Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, ni kama kilomita moja. Mtu mwenye afya anatembea robo saa, na akiwa na mtoto anayeuliza maswali, dakika ishirini. Tumevuka Ruvu, Morogoro na Kilosa kwa saa chache. Sasa imebaki robo saa, na robo saa hiyo haina mwenyewe.

Nimejaribu kumtafuta. Shirika la Reli lina reli, treni na stesheni, na kwa haki kabisa kazi yake inaishia kwenye uzio. TANROADS ina barabara kuu. TARURA, iliyoundwa 2017, ina barabara za mijini na vijijini. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ina leseni na nauli. DART ina mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza 2016 na yana kituo chake Gerezani. Jiji lina usafi na biashara. Askari wa usalama barabarani ana magari, filimbi na jua. Ofisi zote hizi zinakutana kwenye kipande kimoja cha lami, na kila moja inashika kinachoihusu. Kinachobaki baada ya kila moja kuchukua chake ni mtu anayetembea.

Huyo hana namba ya usajili. Halipi leseni, hana kibandiko cha bima, hajawahi kufikishwa kwenye ukaguzi wa breki. Vijana walimwita TZ 11 zamani, kwa miguu yake miwili, enzi za namba za magari za TZ, na gari hilo limekuwa barabarani tangu kabla ya reli yoyote kufika hapa. Ni chombo kinachobeba watu wengi mno mjini, lakini ndicho pekee ambacho hakimo kwenye kitabu cha mtu.

Najua utaniambia: kama njia ni mbaya, si apande teksi? Sawa, Mheshimiwa. Tumpandishe.

Treni ya usiku imeingia. Nje wamejipanga madereva, na mmoja ameshalishika begi kabla mwenyewe hajajibu salamu.

"Karibu teksi, mkubwa. Wapi?"

"Hapo Mtaa wa Libya."

"Ingia, bosi. Ishirini tu."

"Elfu ishirini? Si hapo tu jamani?"

"Foleni, bosi."

"Saa nne hii usiku?"

"Basi lete kumi na tano, tusigombane."

Hebu tupige hesabu kidogo. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilipangwa kuwa shilingi 31,000 kwa umbali wa kama kilomita 450. Hiyo ni takriban shilingi 70 kwa kilomita. Kipande chako kimegharimu shilingi 15,000 kwa kilomita moja, yaani zaidi ya mara mia mbili. Treni ingetoza kwa kipimo chako, tiketi ya Dodoma ingekuwa shilingi milioni 6 na laki 7 na ushei, na bado mkata tiketi angesema hana chenji.

Usikimbilie kumkamata dereva, Mheshimiwa. Nakujua, hata kabla hujateuliwa. Jambo la kwanza utakalowaza ni operesheni. Dereva yule amekaa kwenye foleni ya teksi tangu jua linazama, akisubiri zamu yake. Ana hesabu ya tajiri ya kupeleka kesho asubuhi. Zamu ikimwangukia abiria wa kilomita moja, akimtoza elfu tatu, amepoteza jioni nzima kwa pesa ya chipsi mayai. Ile kumi na tano anayodai ni bei ya kusubiri. Safari imeongezwa juu kama nyongeza. Teksi haikuumbwa kwa kilomita moja. Ukilazimisha iwe ya kilomita moja, lazima mmoja wao aumie, na mara nyingi anaumia mgeni.

Basi tufungue simu tuite teksi mtandao. Programu inasema elfu tatu na mia nne. Simu inaita.

"Habari bosi, uko wapi?" Ramani mbele yake inamwonyesha uko wapi. "Unaelekea wapi?" Ukitaja Mtaa wa Libya, kunapita kimya. "Unalipa keshi?" Keshi. "Poa, nakuja." Kisha kile kigari kwenye kioo cha simu kinageuka taratibu na kuelekea Keko. Baada ya dakika saba inaingia sauti ya upole: "Bosi, naomba uifute wewe. Mimi nikiifuta wananifungia."

Naye pia ana sababu zake. Kuja kote huko kwa safari ya dakika tano, mafuta yakiwa yake na kamisheni ikiwa ya wenye programu, hakumlipi. Kuhusu hiyo kamisheni, Serikali haikulala. Mwaka 2022 LATRA iliagiza ishuke hadi asilimia 15; kampuni kubwa ya kigeni ikasimamisha huduma, vikao vikakaliwa, na mwanzoni mwa 2023 ikarudi barabarani baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Nimelitaja hili kwa heshima. Linaonyesha kwamba tukiamua kukaa vikao tunaweza, hata kwa ajili ya asilimia kumi. Wa TZ 11 anaomba kikao kimoja tu, hata kisicho na posho. Nimeandika hilo la mwisho nikijua limeshaua barua yangu.

Sasa tumtembeze.

Njia ya waenda kwa miguu inaanza kwa heshima zote: vitofali vyekundu, kingo zilizopakwa nyeusi na nyeupe. Inadumu hatua chache. Kisha kuna gari dogo jeupe lililopanda juu ya vitofali mpaka pua imegusa ukuta wa duka. Mhudumu wa maegesho amesimama nyuma yake anaingiza namba zake kwenye mashine. Ndiyo kusema gari lile lina haki ya kuwa pale, haki iliyo kwenye mfumo na yenye deni linaloweza kudaiwa. Mtembeaji anashuka barabarani kulikwepa, na daladala inampigia honi kwa kuwa yuko barabarani. Anarudi juu. Mbele kuna chemba isiyo na mfuniko. Msamaria mmoja amechomeka tawi la mti na kulifunga kitambaa chekundu, nalo ndilo alama ya usalama barabarani iliyo wazi kuliko zote mtaani. Baada ya hapo ni mtaro uliofunikwa kwa zege, na kati ya kila mfuniko na mwenzake kuna upenyo wenye upana uleule wa gurudumu la begi. Gurudumu linazama. Mwenye begi anavuta, begi linanyanyuka, gurudumu linabaki chini kama kumbukumbu ya safari.

Wako watakaosema tatizo ni machinga na mama lishe, wafagiliwe njia ibaki wazi. Nakusihi usianze na hao. Kwenye kipande chako chote, huduma pekee kwa abiria niliyoikuta inafanya kazi ni ya muuza kahawa mmoja mwenye birika na kashata. Alimtazama mgeni na begi lake lenye gurudumu moja, akammiminia kikombe, akamwelekeza:

"Nyoosha na hii mpaka Mnara wa Saa. Usivuke pale kwenye kona, wanakimbia pale. Vuka huku kwenye duka la spea. Ukifika mnarani, Samora hiyo, we nenda nayo tu. Simu weka mfuko wa mbele."

Maelezo hayo yana ramani, yana somo la usalama barabarani na yana tahadhari ya wakwapuzi wa pikipiki. Yametolewa bure, kwa lugha inayoeleweka, na mtu asiye na ofisi. Ule mnara aliouelekeza ulijengwa 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Miongo sita baadaye, bado mtu anaufikia kwa maelekezo ya muuza kahawa.

Na habari hii ya miguu si ya leo. Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Hoteli yake kubwa, Kaiserhof, ilikuwa pale ilipokuja kusimama New Africa, na wakubwa wa zama zile walizungushwa mjini kwa riksha iliyovutwa na mtu. Hata wakati huo ni miguu iliyofanya kazi. Ubishi ulikuwa miguu ya nani. Tulipopata uhuru tulirudishiwa miguu yetu, ila mahali pa kuikanyagia hatukukabidhiwa.

Ombi langu la kwanza, kwa hiyo, ni utusajili. Tupe namba ya kubandika mgongoni, kibandiko cha bima, kikomo cha mwendo, idadi ya abiria (mmoja) na uzito wa mzigo. Tutoze ada ya mwaka. Ukitaka, weka mashine za kielektroniki tupate risiti kila tukivuka barabara. Nasema hivyo kwa sababu nimeichunguza nchi yangu: kinacholipa huonekana. Gari jeupe lililopanda juu ya vitofali linaonekana kwa kuwa linadaiwa. Sisi tukianza kudaiwa, mtashangaa tumekuwa wengi kiasi gani, na mtatujengea.

Ukiona usajili utachelewa kwenye mchakato, basi nina orodha fupi. Funika chemba. Ziba pengo kati ya mifuniko ya mtaro. Weka nguzo za kuzuia magari kupanda juu ya njia ya watu. Panda miti michache, maana jua la saa nane halijui kwamba mtu ametoka kwenye kiyoyozi. Weka kivuko chenye taa ambazo magari yanazitii, na taa za barabarani zinazowaka hadi treni ya mwisho iingie, ili dada aliyeshuka peke yake asilazimike kununua usalama kwa elfu kumi na tano. Weka kibao cha kuonyesha Samora, Kisutu na Kariakoo ziko wapi na ni dakika ngapi kwa mguu. Na kwenye maegesho ya teksi, bandika bei za safari fupi ambazo madereva wenyewe wamekaa wakakubaliana, zenye malipo ya kusubiri ndani yake, ili mgeni ajue na dereva asitukanwe. Teksi ibaki kwa bibi mwenye magoti, kwa mama mwenye mapacha, kwa mgonjwa anayekuja Muhimbili. Hao wanaihitaji kweli. Wengine wetu tulikuwa tunaihitaji kwa sababu ya chemba.

Gharama ya hayo yote, ukiiweka karibu na ya reli, haitaonekana hata kwa miwani. Ndiyo maana naogopa haitafanyika: jambo la bei ndogo halina jiwe la msingi, na mahali pasipo na jiwe la msingi hapana utepe wa kukata. Kumleta mtu kutoka Dodoma kwa umeme kisha ukamwachia chemba ni kama kumpikia mgeni pilau la nyama halafu maji ya kunawa akayaombe kwa jirani. Kama tatizo ni utepe, Mheshimiwa, niko tayari kuchangia. Mita moja inatosha. Utaukata kwenye mfuniko wa chemba ya kwanza, nasi tutapiga makofi kwa dhati.

Nakutakia uteuzi mwema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye TZ 11 isiyo na usajili.

Nakala kwa:
Ofisi zote zilizotajwa humu: kwa taarifa tu, maana kila moja imeshasema haliihusu.
Muuza kahawa: kwa utekelezaji.