Jinsi ya Kupatikana Mtandaoni Ukiwa Runyenjes

Kama bado unazungusha bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine pale Makutano, Meru, au katikati ya mji wa Embu, vyeti vimeanza kukunjika pembe na kiatu kimelika upande mmoja, mwongozo huu ni wako. Bahasha usiitupe, ziko ofisi zitakazoidai hadi siku ya kiama. Lakini afisa wa ajira wa leo, mara nyingi kabla hata hajatangaza nafasi, hufungua LinkedIn na kuandika maneno matatu au manne: kazi, ujuzi, mahali. Wanaojitokeza hapo ndio anaowaandikia. Wewe hakukatai. Hajui kwamba upo.

Mtandao huo ulifunguliwa kwa umma Mei 2003, na mwaka 2016 kampuni ya Microsoft ilikubali kuununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Mali iliyonunuliwa, kwa sehemu kubwa, ni orodha ya watu na kazi zao. Ukijiandika humo kwa mafumbo, umo ndani ya orodha ya watu zaidi ya bilioni moja na bado hakuna anayekuona.

Anzia kwenye ule mstari ulio chini ya jina lako. Umepewa herufi 220. Wengi huzimaliza kwa kujivisha taji: mwanamaono, kichocheo cha mabadiliko, kiongozi anayeongozwa na matokeo. Futa. Futa bila huruma. Hakuna meneja wa kiwanda cha makadamia anayeamka asubuhi kutafuta mwanamaono. Anatafuta mkaguzi wa ubora wa chakula. Kiwanda cha chai kikikosa mhasibu hutafutwa mhasibu aliyefaulu mitihani ya KASNEB na anayeijua programu ya hesabu kwa jina lake. Mashamba ya Timau yanayosafirisha maua na mboga yanahitaji mtaalamu wa kilimo anayezielewa kanuni za GLOBALG.A.P. na ukaguzi wa KEPHIS. Basi andika hivyo. Fungua matangazo matano ya kazi unayoitaka, tazama jina la kazi linalojirudia, ulinakili lilivyo, kwa lugha ileile ya tangazo. Kisha ongeza zana unazozimudu na mji ulipo. Ukimaliza, mstari wako utasomeka kama kibao cha duka la dawa, na kibao cha duka la dawa huonekana hata na mgonjwa.

Maneno “natafuta fursa” nayo yaondoke hapo juu. Hakuna anayetafuta mtu anayetafuta. LinkedIn ina mpangilio wake wa kusema uko tayari kuajiriwa: unaweza kuuonyesha kwa wote, picha yako ikazungushiwa duara la kijani, au kwa maafisa wa ajira peke yao. Ikiwa huna kazi, vaa duara hilo bila aibu. Ukosefu wa kazi si kosa la jinai. Ikiwa unayo kazi na unataka kuondoka kimyakimya, chagua ile njia ya pili, ukijua kwamba mtandao wenyewe hauahidi usiri kamili.

Sasa chuo, maana hapa ndipo vijana wetu wanapopotea wakiwa na digrii mkononi. Aliyesoma Nchiru huandika MUST, akaridhika. Sawa, lakini MUST ipi? Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hicho cha Nchiru, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kuna cha Mbarara, Uganda. Kuna cha Mbeya, Tanzania. Kuna cha Malawi. Vyote vinne vinajiita MUST, na mitambo ya kutafuta haina shangazi wa kuiambia wewe ni mtoto wa nani. Andika jina zima, na linapojitokeza kwenye orodha lichague, ili wasifu wako uungane na ukurasa rasmi wa chuo. Hapo utahesabika miongoni mwa wahitimu, na mhitimu mwenzako aliyetangulia kupata kazi anaweza kukufikia. Waliosoma Chuo Kikuu cha Embu nao waangalie: taasisi ile ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kupata hati mwaka 2016. Ikiwa uliingia enzi zile, chagua ukurasa wa sasa wa chuo, halafu ueleze jina la zamani katika maelezo, ili anayelinganisha na cheti chako asishtuke.

Meru yenyewe haiko peke yake duniani. Ukiandika Meru tupu, unapigania nafasi na Mlima Meru wa Arusha na kila kilichopewa jina lake, hospitali na chuo kikuu vikiwemo. Embu nako kuna jina linalofanana huko Brazili, karibu na São Paulo. Na nesi wa mji wa Maua anayeandika jina hilo peke yake anajiweka kundi moja na wauza mashada ya harusi. Kaunti na nchi ziandamane na mji, kila mara.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Vijana wa Nkubu, Siakago, Kiritiri na Mikinduri wanaandika kwamba wanaishi Nairobi. Wanaamini kazi ziko Nairobi na kwamba anayekaa kwao ameshindwa. Acheni hilo, jamani. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, waajiri wa afya, maji, kilimo na ujenzi wako hapo karibu, pamoja na Sacco, vyuo, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Embu na mabwawa ya umeme ya Mto Tana yaliyo mpakani mwa Mbeere. Mwenye mradi wa maji anamtaka mhandisi anayejua barabara ya Siakago hadi Ishiara huwaje mvua ikinyesha. Anapochuja kwa mahali, wewe uliyejiandika Nairobi unatoweka, na kazi inampata mtu atakayehitaji kuelekezwa njia.

Kwa sababu hiyohiyo, sehemu ya lugha usiishie kwa Kiingereza na Kiswahili. Weka Kimeru. Weka Kiembu au Kimbeere. Mtu anayekwenda kuhoji akina mama wa Igembe kuhusu lishe ya watoto, au kufundisha wakulima wa Manyatta kupogoa kahawa, anahitaji msemaji wa lugha yao, na lugha hiyo haisomwi darasani kwa wiki mbili. Ni utaalamu. Uorodheshe pamoja na utaalamu mwingine.

Jina nalo lina kazi yake. Murithi na Muriithi, Nyaga na Nyagah, Mugambi na M'Mugambi: kwa jirani ni ukoo, kwa kompyuta huenda wakawa watu tofauti. Chagua tahajia moja, ile iliyo kwenye kitambulisho na vyeti, uishike kila mahali. Kama jina lako linabeba kistari cha juu baada ya M, au alama juu ya i na u, jivunie na uliweke. Kisha litafute mwenyewe kwa njia zote mbili, ukiziacha alama na ukiziweka, uone kinachotokea. Mkiwa wengi wenye majina mawili yaleyale, ongeza la tatu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya wasifu wa umma, ondoa ule mkia wa herufi na tarakimu ulio mwishoni mwa kiungo chako, ubaki na jina safi, na uhakikishe umeruhusu wasifu uonekane kwenye Google. Wako watu waliojaza kila kitu kwa uangalifu na mlango wao wa umma umefungwa.

Picha: uso wako, mwanga wa dirishani, ukuta usio na vurugu. Ile ya harusi iliyokatwa huku mkono wa mtu ukibaki begani mwako, hapana.

Kupatikana kuna wageni wake wabaya. Nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na picha za vyeti zisikae kwenye wasifu. Akija mtu na kazi ya Ghuba au ya melini, mshahara mnono, kisha akaomba utume ada ya usajili kwa M-Pesa kabla ya jioni, mwache aende. Wakala wa ajira anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwangalie huko kwanza, hata akikutajia jina la mchungaji wako.

Ukimaliza yote, omba simu ya rafiki ambaye hamjaunganishwa. Usiandike jina lako. Andika kazi yako na mji wako, kama angeandika mgeni. Usipojitokeza, rudi kwenye ule mstari wa herufi 220 uuguse tena, na umwombe msimamizi wako wa mafunzo ya kazini aandike sentensi chache za ushuhuda kuhusu kazi aliyokuona ukiifanya.

Na barua pepe ya chuo, ile uliyopewa mwaka wa kwanza, ibadilishe leo. Wengi wamepatikana tayari. Ujumbe wa mwajiri umo kwenye sanduku wasiloweza tena kulifungua, na yeye amengoja siku nne, akahamia kwa jina linalofuata. Weka anwani unayoisoma kila siku, washa arifa kwenye simu, na ukiandikiwa, jibu siku hiyohiyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hutaki.